Ulipojikwaa

Mstari wa arobaini na moja una kosa,
yasema kompyuta kuukuu ya ushirika.
Nausoma mstari wa arobaini na moja
mpaka herufi zake zinatembea kama siafu.
Hauna kosa.
Mweupe, kama unga wa muhogo
uliochekechwa mara tatu.

Saa saba usiku, Cheyo, Tabora.
Umeme umerudi, sijui kwa hisani ya nani.
Asubuhi warina asali wanakuja kulipwa,
wengine wamelala stesheni tangu jana
na ndoo tupu kwapani.

Lugha hii wameipa jina la chatu.
Babu mzaa mama alikuwa mmoja wa bayeye,
alimvaa chatu shingoni siku za ngoma.
Alituambia: huyu hakuui kwa meno,
anasubiri utoe pumzi, ndipo anakaza.
Nimetoa pumzi mara ngapi tangu magharibi?

Nafuta. Naandika upya, herufi kwa herufi.
Kosa lilelile, mahali palepale.
Nanywa chai iliyopoa, ina chungu wawili.

Kisha jicho, kwa uchovu tu, linapanda ngazi moja,
hadi mstari wa arobaini, ambao sikuushuku:
bano limefunguliwa, halikufungwa.
Zizi liliachwa wazi kule,
mbuzi wakakamatwa huku.
Nalifunga.

Ile methali ya kuangukia na kujikwaa
niliiandika darasa la nne, kwa mwandiko wa kuunganisha,
nikapata kumi kwa kumi.
Hakuna aliyeniambia inahusu mabano.

Sasa chatu analalamikia nafasi.
    Hapa nimeacha nafasi nne,
    hapa nne,
      na hapa Mihambo, kabla hajahamia Mpanda,
alibonyeza kitufe kimoja kirefu akaona yatosha.
Kwa macho yangu, sawa.
Kwa chatu, si sawa hata kidogo.
Nafuta utupu wa Mihambo, naweka utupu wangu.
Nikiulizwa nyumbani unalipwa kwa kazi gani
nitasema: kupanga pasipo na kitu.

Saa tisa ikakimbia mpaka mwisho bila kunung'unika.
Nikanyoosha mgongo. Nikafunga dirisha.
Nikasoma majumla kwa sauti, kwa maringo.

Kapalala wa Ipole, ndoo mbili.
Ya kwanza kilo 12, ya pili kilo 7.
Jumla: 127.

Nikakaa.

Haikujumlisha. Ilibandika.
Ilichukua kumi na mbili, ikachukua saba,
ikaziweka ubavu kwa ubavu kama kandambili mlangoni.
Namba niliziingiza kama maneno, na alama zake za kunukuu,
na jina la shilingi halinunui chumvi.
Wenye ndoo mbili wote wametajirika usiku huu.
Nyamizi wa Sikonge, mwenye ndoo moja ya thelathini,
kabaki na thelathini yake, mkweli peke yake.

Wala hapakuwa na onyo. Hilo ndilo lililonitoa jasho.
Kosa linalopiga kelele ni jirani mgomvi, unalizoea;
hili lilikuja na tabasamu, likavua viatu,
likaketi kwenye orodha ya malipo.

Nikaongeza herufi tatu na mabano.
Nikayafunga. Nikahakikisha nimeyafunga.
Nikachukua kalamu na karatasi, kama mtoto,
nikajumlisha kumi za kwanza kwa mkono.

Saa mbili asubuhi Kapalala alikuwa wa nne kwenye foleni.
"Kumi na tisa," alisema, kabla sijafungua kinywa;
alishazipima mwenyewe, kwa bega, njia nzima.
Akaweka dole gumba kwenye wino, akalibonyeza,
akaniinamia akinichunguza.

"Macho mekundu hivyo. Moshi?
Kumbe nawe ulikuwa porini, unarina?"

Nilirina, nikamwambia.
Mwingine.